Diski inagonga tk-tk-tk, na harusi ya watu imo ndani

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni mpiga picha na video za sherehe hapa Mwanza. Kicheni pati, sendofu, harusi, ubatizo, hizo ndizo kazi zangu. Kazi zote nazihifadhi kwenye hadi diski moja ya nje ya TB 2, ile ndogo ya kuingia mfukoni, niliyoinunua miaka minne iliyopita.

Jumamosi ya juzi nilipiga harusi ya binti mmoja wa Nyegezi. Tulikuwa wawili, mimi na kijana wangu, na droni ya kukodi na mwenyewe. Usiku ule nikahamishia kila kitu kwenye diski, nikafomati kadi zetu nne ndani ya kamera. Mbili kati ya hizo tumeshazitumia tena kwenye mahafali ya shule.

Sasa diski imeanza vituko. Nikiichomeka, laptopu inaganda. Nikifungua folda, ule mstari wa kijani unatambaa juu ya dirisha hadi nachoka. Mara Windows ikaniambia diski inatakiwa kufomatiwa kwanza ndipo itumike, nikakataa. Jana usiku ikatoa mlio, tk, tk, tk, ikanyamaza, halafu ikaonekana tena kama kawaida.

Ushauri nimepewa mwingi. Kijana wa steshenari ya jirani anasema nipige chkdsk. Fundi mmoja wa kompyuta anasema niilete aifungue, apulize vumbi kwa blowa. Kaka yangu anasema niifunge kwenye nailoni niiweke kwenye friza usiku kucha. Nilipiga simu pia duka moja la Dar wanaosema wanarudisha data, wakataka laki sita, wakasema hawana uhakika, nitume tu kwa basi.

Kuna jambo jingine, Mjomba. Mama yangu alifariki mwaka jana. Kabla hajazidiwa nilimrekodi kwa simu akisimulia maisha yao ya Ukerewe, na nyimbo walizokuwa wakiimba shambani. Ni sauti tupu, kama saa tano hivi. Simu ile iliibwa. Sauti zile zimo humo tu.

Nianze na nini? Bibi harusi ameanza kuuliza video yake, nimwambie au nisubiri kwanza? Na hiyo laki sita, niitoe?

Mpiga picha, Mwanza

*

Marahaba mpwa wangu, na pole sana kwa mama.

Kama diski hiyo imechomekwa wakati unasoma hapa, ichomoe. Laptopu ikiwa imeganda na haikubali kuitoa kwa utaratibu, izime kabisa ndipo uvute kebo. Diski iliyoanza kulegea imebakiza muda wake wa kufanya kazi, na hakuna anayejua ni mwingi au ni mchache. Muda huo utumie kutoa vitu, usiutumie kutafuta ugonjwa. Mtu aliye katikati ya ziwa na mtumbwi unaingiza maji haanzi kukalafati, anahamisha abiria kwanza. Washauri wako wote watatu wanakuambia ukalafati.

Chkdsk si programu mbaya, ila haikutengenezwa kwa ajili ya kuokoa mafaili. Kazi yake ni kuweka sawa ile orodha ambayo Windows huitumia kujua kitu gani kiko wapi kwenye diski. Ikikuta sehemu ya orodha haisomeki, huikata na kusonga mbele, na vilivyokuwa chini yake unaweza kuvikuta kwenye folda iitwayo FOUND.000 vikiwa na majina kama FILE0000.CHK, hujui ipi ni keki na ipi ni mahubiri ya mchungaji. Ukiiongezea /r ndiyo kabisa: inasoma diski nzima tangu mwanzo hadi mwisho, na wakati huohuo inaandika mabadiliko juu ya diski ileile inayokufa.

Fundi wa blowa mkwepe. Ndani ya diski yako kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika kwa hizi za mfukoni, na vichwa vya kusomea vinaelea juu ya sahani hizo kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wa kichwani mwako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sasa piga hesabu ya vumbi la mtaani linaloingia kwenye nafasi hiyo. Wanaofungua diski kwa haki huifungulia kwenye chumba au kabati lenye hewa iliyochujwa, na wanapoifungua ni kubadilisha vichwa, si kupuliza.

Habari ya friza ni ya zamani, kutoka enzi za diski ambazo sehemu zake zilikuwa zikinasa. Leo utakachokipata ni unyevu. Diski nyingi zina kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na ukiitoa kwenye baridi ukaiweka kwenye joto la Mwanza, maji yanatona juu ya sahani. Kaka yako ana nia njema, lakini friza abaki nayo kwa sangara.

Ile ya kukataa kufomati umefanya sawasawa. Ujumbe ule una maana moja tu, kwamba Windows imeshindwa kusoma mwanzo wa orodha. Hauna maana kwamba diski ni tupu.

Sasa, kabla hujaigusa tena, nataka uangalie pembeni, kwa sababu naona umekazia macho diski na kusahau kwamba harusi ile ilipita kwenye vyombo vingine kabla ya kufika humo. Kwanza kadi. Mtu akifomati kadi ndani ya kamera kwa njia ya kawaida, kinachofutwa ni orodha, picha zenyewe hubaki mpaka ziandikwe juu. Kadi mbili ambazo hamkuzitumia tena huenda bado zimebeba sehemu yake yote ya harusi. Zitoe kwenye mkoba wa kamera leo, usukume kile kitufe kidogo cha ubavuni kwenda upande wa kufunga, uziweke mahali ambapo kijana wako hatazichukua kwa haraka ya kazi. Hata zile mbili za mahafali, kama mahafali yalikuwa mafupi kuliko harusi, mkia wa harusi unaweza kuwa umebaki.

Programu ya kuzichimba ni PhotoRec ya Mfaransa Christophe Grenier. Ni ya bure, na inasoma kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama za mwanzo wa picha na video bila kujali orodha. Sura yake haipendezi, maandishi meupe kwenye giza, lakini inafanya kazi. Sharti lake ni moja: unachokiokoa ukihifadhi kwenye laptopu, kamwe usirudishie kwenye kadi ileile. Picha tegemea zirudi nyingi. Video ni bahati nasibu, kwa sababu kamera huandika klipu ndefu vipande vipande na PhotoRec si hodari wa kuviunganisha. Na kama kwenye menyu ya kamera mliwahi kuweka alama ya kufomati kwa kina, hapo tegemea kidogo.

Halafu mwenye droni. Mpigie simu muulize kama amefuta kadi yake ndogo, na kama simu aliyokuwa akiirushia bado ina rekodi hafifu, maana programu nyingi za droni huhifadhi nakala ya ubora mdogo kwenye simu. Aliyesimamia muziki ukumbini anaweza kuwa amerekodi sauti ya MC kutoka kwenye mashine yake. Kama ulianza kuhariri, tazama kwenye laptopu folda za muda za programu ya kuhariria, mara nyingi zina nakala ndogo za klipu. Na kama ulituma picha za kuonjesha kwa WhatsApp, zipo kwenye simu yako na ya bibi harusi. Ukimaliza mzunguko huo ndipo utajua diski imebeba nini ambacho hakipo pengine. Mimi nakisia itabaki sehemu ya harusi, kazi za zamani, na mama.

Twende kwenye diski yenyewe.

Mlio wa tk-tk-tk una maana mbili, na moja ni nafuu sana. Diski hizi za mfukoni hula umeme kupitia kebo ya USB peke yake. Kebo ikiwa imechoka, au umechomeka kwenye kile kigawio chenye matundu mengi kisicho na umeme wake, diski inajaribu kuzunguka, inakosa nguvu, inaanza upya, na inatoa mlio huohuo. Tundu la diski yako bila shaka ni lile bapa lenye sehemu mbili, na hilo hulegea upesi kwa watu wa kazi yenu wanaochomeka na kuchomoa kutwa. Azima kebo fupi iliyo nzima, chomeka moja kwa moja kwenye laptopu ikiwa kwenye chaji, diski ikiwa imelala mezani pasipotikisika. Usiifungue folda yoyote. Sikiliza tu.

Ikigonga tena tk-tk-tk kwa kebo nzuri, chomoa na usiirudishe. Hapo vichwa vimeumia, na kila mzunguko vinaweza kukwangua sahani. Hakuna programu ya kompyuta inayotibu hilo. Ruka hadi nitakapozungumzia laki sita.

Ikizunguka kwa utulivu, fungua CrystalDiskInfo, programu ndogo ya bure ya Windows. Inasoma kumbukumbu za afya ambazo diski inajiandikia yenyewe, bila kuyagusa mafaili yako. Wewe tazama mistari minne: 05, C5, C6 na C7. 05 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokufa na kubadilishwa. C5 ni sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inasubiri kuamua. C6 ni zilizoshindikana kabisa. C7 ikiwa kubwa na nyingine zote ni sifuri, shuku mawasiliano, yaani kebo na tundu, kabla ya kushuku sahani. Ukiona namba zenye herufi ndani yake usishangae, programu hiyo huzionyesha hivyo mpaka uibadilishe.

Ukiona rangi ya njano au nyekundu, basi umeshajua. Ukiona ya buluu, usishangilie. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000, na zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote kwenye vipimo vinne vikubwa vya afya. Diski inayogandisha laptopu ni mbovu hata kama cheti chake kinasema nzima.

Kinachofuata kifanyie kwenye Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta, si kwenye Windows. Windows ikiona diski inaanza kuipekua bila kuulizwa: inataka kutengeneza vile vipicha vidogo vya kila video, kinga ya virusi inataka kukagua, na pengine inaleta tena lile dirisha la kufomati. Kila moja ya hizo inailazimisha diski yako kusoma mahali usipopahitaji. Pakua SystemRescue, Linux ya bure iliyotengenezwa kwa kazi za kuokoa, iweke kwenye flashi, washia laptopu kwenye flashi hiyo. Ndani yake mna ddrescue, TestDisk na PhotoRec nitakazozitaja hapa. Kama hujawahi kuona Linux, mtafute kijana wa chuo aliyesoma kompyuta akae nawe, mlipe chakula cha mchana na nauli, lakini asome maelezo haya kwanza.

Utahitaji pia diski mpya, na inunue ya TB 4. Sababu ni kwamba utanakili diski nzima kama faili moja kubwa, na faili la TB 2 haliingii kwenye diski ya TB 2. Ikague isiwe imefomatiwa kwa FAT32, maana mfumo huo haukubali faili kufika GB 4. NTFS au exFAT itafaa.

Hapa nitatofautiana kidogo na mafundi wakali. Wao watakuambia nakili diski nzima kwanza, mengine baadaye. Kwa kazi zako za kawaida wako sahihi. Lakini sauti za mama yako ni kitu kidogo: saa moja ya sauti iliyobanwa kwa kiwango cha kawaida cha MP3 haifiki MB 60, kwa hiyo saa tano ni kama MB 300, na hata kama simu yako ilirekodi kwa ubora mara mbili ya huo bado ni mzigo mdogo. Kama diski inakubali kufunguka, ifungue kwa hali ya kusoma tu, nenda moja kwa moja kwenye folda ya mama, nakili, toka. Usipite kuchungulia harusi ya mtu. Ikigoma ndani ya dakika chache, acha, usiing'ang'anize, mama naye atakuja na nakala nzima.

Kunakili diski nzima kunafanywa na programu iitwayo GNU ddrescue. Uzuri wake ni kwamba haina kiburi. Ukinakili kwa Windows na kompyuta ikafika mahali pabovu, inakwama hapohapo, inarudia kusoma, inaitesa diski mpaka mmoja wenu achoke. Ddrescue ikikuta pabovu inaparuka, inachukua kwanza kote kunakosomeka kwa urahisi, kisha ndiyo inarudi kwenye mashimo. Na inaandika ramani ya pale ilipofika, ili umeme ukikatika au diski ikihitaji kupumzika, uendelee kutoka hapo badala ya kuanza upya. Ramani hiyo ihifadhi kwenye diski mpya. Ukiiacha ndani ya Linux ya kwenye flashi, itapotea laptopu ikizimwa.

Andika kwanza hii, uone kila diski na ukubwa wake:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Tuseme mbovu imetokea kama sdb, na mpya umeifungua kwenye /mnt/mpya. Mzunguko wa kwanza ni huu:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/mpya/diski.img /mnt/mpya/diski.map

Ukiisha, wa pili, wa kurudia mahali pabovu mara tatu:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/mpya/diski.img /mnt/mpya/diski.map

Kabla ya kubonyeza ingiza, soma mstari kwa sauti, na mwenzako auangalie. Inayotajwa kwanza ndiyo inayosomwa. Mtu akigeuza ameharibu.

Usitarajie mambo ya dakika kumi. Diski nzima kabisa ya TB 2 ikisoma MB 100 kwa sekunde inachukua saa tano na nusu. Yako inaweza kwenda siku kadhaa, na kasi ikishuka hadi kilobaiti usishtuke, mradi namba ya vilivyookolewa inaongezeka. Ishike diski kwa kiganja mara kwa mara. Ikiwa ya moto hadi hupendi kuishika, bonyeza Ctrl na C, iache ipoe, endelea na ramani ileile. Na ikianza tk-tk-tk katikati ya kazi, chomoa. Utakuwa umepata ulichopata.

Nakala ikikamilika, mbovu weka kabatini. Kuanzia hapo kila kitu kinafanyika kwenye nakala: TestDisk ya kurudisha orodha iliyoharibika, PhotoRec kama orodha imeshindikana, hata ile chkdsk ya kijana wa steshenari ukipenda, mradi umetengeneza nakala ya nakala.

Utakuta video nyingine hazifunguki. Usizifute. Faili la MP4 au MOV lina faharasa yake, na kamera nyingi huiandika mwishoni mwa faili. Shimo likiangukia hapo, kicheza video hakijui pa kuanzia, ingawa bibi harusi yumo ndani anatembea mzima. Programu ya bure iitwayo untrunc hutengeneza faharasa mpya kwa kufuata mfano wa klipu nyingine nzima iliyopigwa na kamera ileile kwa mpangilio uleule. Hivyo tunza klipu moja nzima ya kila kamera mliyotumia siku ile.

Sasa laki sita. Kusema kweli, walichokuambia kwamba hawana uhakika kimenipa moyo kuliko kingenivunja. Anayekuambia kwa simu kwamba data itarudi asilimia mia, huyo ndiye wa kumkimbia. Waulize mambo haya kabla hujatuma: wanatengeneza nakala kwanza au wanafanya kazi juu ya diski yako? Diski ikihitaji kufunguliwa wanaifungulia wapi, na wana nyingine ya modeli hiyohiyo ya kutoa vichwa? Wakishindwa unalipa kiasi gani? Watakuonyesha orodha ya mafaili kabla hujalipa yote? Aliye fundi kweli atajibu bila kukasirika. Na akikuambia atatoa diski ya ndani aichomeke kwenye kasha jingine, mwambie taratibu. Diski nyingi za mfukoni siku hizi zina tundu la USB lililochomelewa kwenye ubao wake wenyewe, na baadhi husimba data ndani ya ubao huo hata kama hukuweka nywila, kwa hiyo ukiutenganisha unapata takataka.

Nitoe au nisitoe? Kama kadi zimerudisha harusi na folda ya mama umeipata, usitoe. Kazi za zamani wenyewe wameshakabidhiwa. Kama mama hayupo na diski inagonga, hapo sikuamulii, ila najua mimi ningetoa. Harusi peke yake nisingeitolea kabla sijazungumza na mwenye harusi.

Ukiituma, usiitupe kwenye buti la basi. Ifunge kwa nguo au sponji ndani ya kasha gumu, na apatikane mtu wa kuipakata mpaka Dar. Kisha kumbuka mle ndani mna kicheni pati za watu, wanawake wakicheza mbele ya wanawake wenzao, na watoto wa watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wewe ndiye uliyepewa picha zile, si fundi. Taka karatasi iliyosainiwa kwamba hawatabaki na nakala.

Bibi harusi mwambie sasa. Najua unaogopa jina lako mjini, lakini kinachoua jina la mpiga picha ni zile wiki za “bado nahariri, dada” ambazo mwisho wake anajua mwenyewe. Nenda, usitume ujumbe, na usiende kabla hujamaliza kuchimba kadi, ili uwe na la kumwonyesha. Mwambie diski imeharibika, hiki nimekipata, hiki natafuta, tarehe fulani nitakupa jibu la mwisho. Fedha ya salio usiiguse. Halafu muombe jambo moja: kundi la WhatsApp la kamati ya harusi bado lipo, wajumbe hawajatoka wote, wanasubiri hesabu. Aombe humo kila aliyepiga picha au video kwa simu amtumie, na azitume kama faili la dokumenti, si kama picha, maana WhatsApp ikizituma kama picha inazibana. Shangazi aliyekaa mstari wa mbele ana video ya pete ambayo wewe ulizibwa na bega la msimamizi.

Ya mbele nitasema kwa kifupi, kwa sababu sasa hivi una moto wa kuzima. Wapiga picha duniani wana kanuni inayohusishwa na mwenzenu Mmarekani, Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Kwa mfuko wa mtu wa Mwanza naitafsiri hivi. Diski mbili zinazofanana kazi, lakini zisiwe za kununuliwa siku moja duka moja, na moja ikae kwa dada yako, si kwenye droo ileile. Kadi zisifomatiwe mpaka diski zote mbili zina kazi na umefungua klipu mbili tatu ukaziona zinacheza. Video ghafi zitamaliza bando, usijaribu kuzipandisha mtandaoni, ila filamu iliyokamilika na picha teule zinapandika usiku. Sauti za mama zitaingia kwenye ile GB 15 ambayo Google hutoa bure na nafasi ikabaki, na tuma nakala kwa kaka yako na ndugu wengine siku hiyohiyo utakapozipata. Usidanganywe kwamba diski zisizozunguka, zile za SSD, haziharibiki. Hazigongi tk-tk-tk, ni kweli, na ndiyo maana nyingi hufa bila kukuaga.

Diski mbovu usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wala usimwachie fundi “atoe vipuri”. Kaa nayo mpaka bibi harusi amepokea kazi yake na wewe umesikiliza sauti za mama kutoka kwenye nakala mbili tofauti. Baada ya hapo itoboe kwa drili mpaka sahani zipasuke, ndipo uitupe. Vaa miwani, maana baadhi ya sahani ni za kioo.

Mjomba